Bao moja la Lilongwe lingali linaiuliza Yanga swali

Yanga ilikwenda mapumziko ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 ikiwa na pointi nne katika Kundi B la Ligi ya Mabingwa Afrika, sawa na Al Ahly ya Misri. Katika mechi sita ilizokuwa imecheza Afrika tangu Septemba, ilikuwa imeruhusu bao moja tu. Bao hilo halikufungwa na Waarabu wa Kaskazini. Lilifungwa na Silver Strikers, timu ya Benki Kuu ya Malawi, kwenye Uwanja wa Taifa wa Bingu mjini Lilongwe, Jumamosi ya Oktoba 18, 2025.

Wengi Dar es Salaam wamekwisha lisahau. Wiki moja baadaye Yanga ilishinda 2-0 kwa Mkapa, ikasonga mbele kwa jumla ya mabao 2-1, na mazungumzo yakahamia Cairo na Rabat. Lakini katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mechi ile haijaisha. Huko kuna kambi ya Dzaleka, yenye watu zaidi ya 50,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya foleni ya maji na ya ubishi wa mpira. Kwa shabiki wa Yanga aliyeko Dzaleka, au kwa mfanyabiashara anayefahamu Kiswahili katika mji wa Mponela kwenye barabara kuu ya M1, bao lile lilifungwa nyumbani kwa jirani. Na jirani hakosi kukukumbusha.

Swali lililoulizwa katika vibanda vya kuonyeshea mpira, vile ambavyo Dar es Salaam huitwa vibanda umiza, ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, ukuta wa Yanga unatosha kuifikisha robo fainali, au Lilongwe ilikwisha kuonyesha kwamba timu isiyofunga hufa kwa bao moja?

Hoja ya wanaoamini ukuta

Kundi la kwanza la mashabiki lina takwimu mkononi. Yanga ilianza kwa kuifunga Wiliete ya Angola 3-0 ugenini, ikamaliza kwa 2-0 nyumbani. Ikafungwa 1-0 na Silver, ikajibu 2-0. Katika hatua ya makundi ikaifunga AS FAR ya Morocco 1-0 kwenye Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, kwa bao la Prince Dube, kisha ikatoka sare ya 0-0 ugenini kwa JS Kabylie ya Algeria. Mechi sita, mabao manane ya kufunga, moja la kufungwa, na mara tano kipa hakuokota mpira wavuni.

Hii si kazi ya bahati. Kipa Djigui Diarra kutoka Mali amekuwa langoni kwa misimu kadhaa na anacheza kama beki wa ziada, anayetoka kwenye eneo lake mapema kuizima mipira mirefu. Mbele yake Dickson Job na Ibrahim Hamad, maarufu kama Bacca, wamezoeana kiasi kwamba mmoja akipanda mwingine anajua pa kusimama. Timu ya namna hiyo haimpi mpinzani zawadi. Kupata sare Tizi Ouzou, kwa klabu iliyowahi kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1981 na 1990, si jambo dogo. Miaka kumi iliyopita klabu ya Tanzania ingekwenda kule kuomba isifungwe mengi.

Wanaoamini ukuta wanaongeza hoja ya kocha. Pedro Gonçalves, Mreno aliyeifikisha Angola robo fainali ya AFCON mapema mwaka 2024, ni mwalimu anayejenga timu kuanzia nyuma. Kwake, sema mashabiki hao, bao moja ni mtaji wa kutosha.

Hoja ya wanaoikumbuka Lilongwe

Kundi la pili linaanza na takwimu zilezile, ila linazisoma upande wa pili. Kati ya mabao manane ya Yanga, matano yalifungwa dhidi ya Wiliete. Ukiyaondoa hayo, yanabaki matatu katika mechi nne. Katika hatua ya makundi ni bao moja kwa dakika 180.

Hapo ndipo Silver Strikers inapoingia. Mabingwa hao wa Malawi wa mwaka 2024 hawakuingia Bingu wakiwa na majina makubwa. Waliingia na nidhamu. Walifunga njia za katikati, wakawaachia Yanga mpira sehemu zisizo na madhara, wakasubiri. Kipindi cha pili wakapata nafasi yao, wakaitumia. Yanga ilikuwa na muda wa kusawazisha na haikuweza. Siku ileile klabu ikaachana na kocha Romain Folz, ambaye tayari alikuwa akilalamikiwa kwa soka lisilo na kasi mbele ya lango.

Kwa hiyo, sema wa kundi la pili, ukuta ulikuwapo Lilongwe pia. Diarra alikuwapo, mabeki walikuwapo. Timu ilifungwa mara moja tu, na mara hiyo moja ikatosha.

Hesabu ya pointi nane

Ubishi huu unaweza kupimwa, maana kabla ya msimu wa 2025/26 Yanga ilikuwa imepita njia hii mara mbili mfululizo, na mara zote mbili ilimaliza makundi ikiwa na pointi nane.

Msimu wa 2023/24 ilikuwa kundi moja na Al Ahly, Belouizdad ya Algeria na Medeama ya Ghana. Ilifungwa mabao sita katika mechi sita, lakini ilifunga tisa. Ilikuwa sawa na Belouizdad kwa pointi, na kilichowatenganisha ni mechi zao wenyewe: Yanga ilifungwa 3-0 Algiers, halafu ikaipiga Belouizdad 4-0 Dar es Salaam. Ikaenda robo fainali, ambako ilitolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya 0-0 nyumbani na 0-0 Pretoria.

Msimu uliofuata ilipangwa na Al Hilal ya Sudan, MC Alger na TP Mazembe. Ilifungwa tena mabao sita katika mechi sita, sawasawa na mwaka uliotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii ilifunga matano tu. Mechi ya mwisho, Januari 2025, ilihitaji ushindi mmoja nyumbani dhidi ya MC Alger, ikaishia 0-0. Pointi nane zikawa hazitoshi, MC Alger ikapita ikiwa na tisa.

Ukuta uleule, pointi zilezile, matokeo tofauti. Kilichobadilika ni mabao ya kufunga, na hasa ule uwezo wa kumaliza mechi ya nyumbani siku inapohitajika. Anayetaka kujua kwa nini shabiki wa Dzaleka hakutulia na pointi nne aanzie hapo. Sare ya bila kufungana inaleta pointi moja. Bao moja linaleta tatu.

Ukipiga hesabu ya kundi la msimu wa 2025/26, picha wakati wa mapumziko ilikuwa hii. Al Ahly na Yanga walikuwa na nne kila mmoja, AS FAR na JS Kabylie walikuwa na moja kila mmoja, na wawili wa juu ndio wa kupita. Yanga ilikuwa imebakiza kucheza mara mbili na Al Ahly mwishoni mwa Januari, kisha Rabat kwa AS FAR, na mwisho kumkaribisha JS Kabylie mwezi Februari. Kama ingeshinda mechi zake mbili za nyumbani ingefika pointi kumi, na hapo usalama ungekuwa mkubwa. Kama ingetoka sare na Al Ahly nyumbani, ikamfunga Kabylie na kupoteza ugenini kote, ingerudi palepale kwenye nane, pointi zilizowahi kuivusha na zilizowahi kuiangusha.

Maana yake, mechi za ugenini zingeweza kuachiwa ukuta. Mechi mbili za nyumbani zilimtaka mfungaji.

Mapumziko yanayokuja kwa gharama

AFCON ilianza Desemba 21, 2025 huko Morocco, na faida yake kwa Yanga ilikuwa muda. Gonçalves alikuta msimu umeanza, timu ikiwa imetikiswa. Katika mapumziko alipata wiki kadhaa za kufundisha bila kukimbizana na ratiba. Hasara ilikuwa kwamba baadhi ya watu aliowahitaji hawakuwapo mazoezini. Diarra alikuwa na Mali, Dube alikuwa na Zimbabwe, na Taifa Stars ilichukua nguzo nyingine. Langoni kulikuwa na Aboutwalib Mshery, kipa anayestahili kuaminiwa, lakini swali la mbele halijibiwi na kipa. Linajibiwa na kiungo kama Pacôme Zouzoua kupewa wenzake wanaokimbilia nafasi mapema, badala ya kusubiri mpira miguuni.

Jirani wa mtaa wa pili hakuwa na la kumcheka. Simba ilianza makundi kwa kufungwa 1-0 nyumbani na Petro de Luanda, ikafungwa 2-1 na Stade Malien, na kocha Dimitar Pantev akaondoka. Shabiki wa Simba aliyekuwa akiitania Yanga kwa bao la Silver akawa na maswali yake mwenyewe. Alichobaki nacho ni kumbukumbu ya Septemba 2022, pale Simba ilipokwenda Bingu ikaifunga Nyasa Big Bullets 2-0, kisha ikarudia 2-0 nyumbani. Kwa lugha ya vibandani: Lilongwe inafungika, ila kwa wanaojua kufunga.

Kalenda mbili, SADC moja

Kuna jambo ambalo wachambuzi wa Dar es Salaam hawakulitilia maanani. Ligi ya Malawi huchezwa ndani ya mwaka mmoja, ikianza baada ya mvua na kumalizika kuelekea Desemba. Ligi ya Tanzania huanza katikati ya mwaka na kuisha mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwezi Oktoba Silver ilikuwa na mechi nyingi za ligi miguuni, timu ikijuana, huku Yanga ikiwa na wachezaji wapya na kocha aliyekuwa bado anatafuta kikosi chake. Timu ya Malawi ilikuwa katika ubora wake wa mwaka. Yanga ilikuwa inaamka.

Hilo linaeleza kwa nini mechi ya kwanza ilikuwa ngumu, na pia kwa nini haitoshi kusema Silver ilibahatisha. Linatoa pia onyo kwa klabu za Tanzania zitakazopangwa tena na timu za Malawi, Zambia au Msumbiji mwezi kama ule: si kila jina dogo lina miguu midogo.

Na huku Malawi, mechi ya marudiano iliacha kumbukumbu ya aina yake. Aliyekaa kwenye benchi la Yanga siku ile, baada ya Folz kuondoka na kabla ya Gonçalves kuanza kazi, alikuwa Patrick Mabedi, Mmalawi, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Malawi na beki aliyejulikana akiwa Kaizer Chiefs. Dickson Job akafunga mapema, Pacôme akaongeza, na bingwa wa Malawi akatolewa na timu iliyoongozwa na Mmalawi. Hakuna aliyemwita msaliti kwa uzito. Soka la ukanda huu limekwisha zoea watu wake kuvuka mipaka.

Aliyeko kilomita 45 asiyeweza kufika

Mpira unavuka mipaka kwa urahisi kuliko watu wake. Al Hilal ya Sudan, klabu iliyofukuzwa na vita kutoka nyumbani kwake Omdurman, ilipokewa Rwanda msimu wa 2025/26, ikacheza ligi ya huko na kuitumia Kigali kama nyumbani katika Ligi ya Mabingwa. Msimu huohuo AS Maniema Union ya Kindu ilikuwa kundi moja na Azam na Nairobi United katika Kombe la Shirikisho. Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi ilikutana na Al Hilal katika Ligi ya Mabingwa. Mkongo aliyeko Dzaleka alikuwa na timu za kushangilia, zikicheza na majirani wanaozungumza lugha yake.

Lakini Oktoba 18, timu ya Kiswahili ilipokuja kucheza takriban kilomita 45 kutoka kambini, kwenye uwanja wenye viti zaidi ya 40,000, mkimbizi wa Dzaleka hakuwa na uhuru wa kupanda basi tu na kwenda. Malawi iliweka masharti ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, likiwamo linalohusu uhuru wa kutembea, na sera yake ni kwamba mkimbizi anakaa kambini na kutoka kwa kibali. Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo operesheni ya vyombo vya usalama ikaanza Lilongwe. Maduka yalifungwa, watoto wakatolewa shule walizokuwa wakisoma, na kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 ikazidi kujaa.

Serikali ilieleza sababu zake, za usalama na za malalamiko ya wafanyabiashara wenyeji, na sababu hizo hazifutwi kwa mechi ya mpira. Hata hivyo kibali cha siku moja cha kwenda uwanjani si kitu kikubwa kwa nchi yoyote. Mabasi yenye orodha ya majina, yanayoondoka asubuhi na kurudi usiku, yangeweza kuandaliwa na ofisi ya kambi pamoja na chama cha soka. Wenyeji wanakubali kuja Dzaleka: tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini limekuwa likiwaleta Wamalawi kambini kusikiliza muziki na kula chakula cha wakimbizi, na hakuna aliyeona nchi imetikisika. Njia ile ikipitika kwenda, inapitika pia kurudi.

Rais Peter Mutharika aliapishwa Oktoba 4, wiki mbili kabla ya mechi ile. Amri ya 2023 ilitolewa na serikali iliyomtangulia. Kama utawala mpya unatafuta mahali pa kuanza kuilegeza sera ya kambi bila kujifunga kwa mengi, uwanja wa mpira ni mahali pazuri pa kujaribia.

Suala hilo linaigusa hata jumuiya. Mwaka 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Malawi na Tanzania zote ni wanachama, na Kongo imo SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Lugha hiyo rasmi, ukiitafuta ndani ya Malawi, unaikuta ikizungumzwa kwa wingi nyuma ya mipaka ya kambi. Walimu wa Kiswahili ambao SADC inawahitaji wapo tayari, wanauza mboga Dzaleka na kubishana kuhusu Pacôme.

Kilichosubiriwa Januari 2026

Kwa upande wa uwanjani, msimamo wa busara ni wa kati. Wanaoamini ukuta wana haki: bila ulinzi huu Yanga isingekuwa na pointi nne, na timu inayofungwa bao moja katika mechi sita haiwezi kudharauliwa na yeyote, hata Al Ahly yenye makombe 12 ya Afrika. Lakini wanaoikumbuka Lilongwe wana haki zaidi kuhusu mechi zilizokuwa zimebaki. Misimu ya 2023/24 na 2024/25 ilionyesha kwamba Yanga haitolewi kwa sababu ya mabao inayofungwa. Inatolewa kwa yale isiyofunga.

Kwa hiyo kipimo cha Gonçalves hakikuwa Misri. Kama angetoka huko na sare angepongezwa, kama angefungwa kwa tofauti ndogo angesamehewa. Kipimo kilikuwa marudiano ya nyumbani na Al Ahly, na baadaye siku ya JS Kabylie, dakika ya 70, mechi ikiwa 0-0 na mpinzani amekaa nyuma kama Silver walivyokaa Bingu. Siku hiyo ingejulikana kama mapumziko yale yalitumika kuijibu ile mechi ya Lilongwe.

Dzaleka huitazama Yanga kwenye skrini, kwa jenereta au kwa umeme wa jua, wakilipia kiingilio kwa kwacha. Huiona vizuri kama wa Kariakoo. Itakapokuja tena timu ya Tanzania kucheza Bingu, nao wawe na kibali mfukoni na kiti uwanjani.